SOMO LA TAWI: HESABU MIEZI KABLA YA KUHESABU SHILINGI

Ndugu wafanyakazi wa Jinja na Mbale,

Somo letu la safari hii linahusu fedha za nyumbani wakati maisha yanapogeuka ghafla. Kiwanda kinafungwa. Mwenzetu anavunjika mkono kazini. Baba au mama wa nyumba anafariki. Mto unaingia ndani usiku. Katika mambo haya yote mshahara hukatika au matumizi hupanda, na mara nyingi yote mawili huja pamoja.

Wengine husema kwamba mfanyakazi wa mshahara mdogo hana haja ya mipango, kwa sababu hana cha kupanga. Sisi katika chama tunakataa maneno hayo. Mwenye mshahara mkubwa akikosea hesabu hupunguza anasa. Mwenye mshahara mdogo akikosea hesabu, mtoto hutolewa shule. Kwa hiyo fedha kidogo ndiyo inayotaka hesabu zaidi.

Tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti katika matawi yote, Nkoma na Namatala, Walukuba, Masese na Kakira, na anayesoma vizuri amsomee asiyesoma. Yafaa pia lisomwe nyumbani, mume na mke wakiwa pamoja.

MAMBO YALIYOKWISHA KUTUPATA

Tuanze na historia yetu, kwa maana upande huu wa nchi umepigwa mara nyingi.

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, na umeme wake ukaleta viwanda. Watu walitoka kila pembe kuja kufanya kazi katika nguo, sukari na shaba. Shaba ya Kilembe ililetwa Jinja kwa reli ili iyeyushwe. Mbale nako kukawa na kiwanda cha nguo cha African Textile Mill. Mfanyakazi wa siku zile aliamini kwamba kazi ya kiwandani ni ya maisha.

Agosti 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Wenye viwanda na maduka wakaenda zao. Mfanyakazi alibaki na kazi yake, lakini vipuri vikakosekana, sukari na sabuni zikaingia magendo, na mshahara wa mwezi ukawa haununui kitu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Wenzetu wa reli, posta na bandari waliamka wakakuta mwajiri wao hayupo tena, na wazee wengi waliohudumu katika mashirika yale walidai malipo yao kwa miaka mingi. Shaba nayo ilisimama kabla ya miaka ya 1980 kwisha, na kiwanda cha nguo cha Mbale kikaja kusimama vilevile.

Mei 1987 serikali ilibadilisha fedha. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo ikakatwa asilimia 30. Aliyepeleka shilingi 10,000 za zamani alistahili 100 mpya, lakini akapata 70.

Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifunga nchi. Magari ya abiria yalizuiwa, na viwanda vilivyoruhusiwa kuendelea viliagizwa kuwalaza wafanyakazi hapo hapo kazini. Shule zilifungwa, na madarasa yote hayakufunguliwa mpaka Januari 2022. Walimu wengi wa shule za binafsi walikaa muda huo bila mshahara.

Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale. Watu zaidi ya 20 walikufa. Nyumba, vitanda, cherehani, magunia ya chakula na bidhaa za madukani vilikwenda na maji.

Sasa tutazame jambo moja katika habari hizi. Kila pigo lilikula kitu chake. Pigo la mwaka 1987 lilikula fedha taslimu, na aliyekuwa na mabati, mbuzi au magunia ya mahindi hakukatwa asilimia 30. Pigo la mwaka 2022 lilikula vitu vya ndani, na aliyekuwa na akiba benki au katika chama cha akiba na mikopo alikuta akiba yake haikulowa. Pigo la mwaka 2020 lilikula mshahara wenyewe, na aliyekuwa na shamba la mihogo na ndizi kijijini alikula. Wahenga walisema akiba haiozi. Sisi tunaongeza kwamba akiba iliyowekwa mahali pamoja inaweza kuoza yote siku moja.

MENGINE SI YA GHAFLA

Kabla ya kuendelea, tutenganishe mambo mawili. Kuna yanayokuja bila kubisha hodi, na kuna yanayokuja kwa tarehe yake lakini sisi tunajifanya hatukuyajua.

Karo ya shule huja mara tatu kwa mwaka. Krismasi na Idi zina siku zake. Kwa ndugu zetu Wagisu, mwaka wa imbalu unajulikana. Ulikuwa 2022, ukawa 2024, na baada yake 2026. Mwenye kijana wa kutahiriwa ana miaka miwili ya kujitayarisha. Akikopa Agosti ya mwaka wa imbalu na kusema ameshtukizwa, anajidanganya.

Chukua karatasi, andika mambo ya tarehe yake, na gawanya gharama kwa miezi iliyobaki. Ukifanya hivyo, fedha ya dharura itabaki kwa dharura ya kweli.

HESABU MIEZI

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mshahara ukikatika, mfanyakazi hupewa fedha kwa mkupuo. Macho yake huona shilingi nyingi. Lakini tumbo la mtoto halili kwa mkupuo, hula kila siku. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja tu: fedha hii ni miezi mingapi?

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Mwenzetu anakaa Nkoma na mke na watoto watatu. Amefanya kazi kiwandani miaka 6, na mshahara anaofika nao nyumbani ni shilingi 350,000 kwa mwezi. Kazi inakwisha mwishoni mwa Mei bila notisi. Anapata:

Malipo badala ya notisi ya miezi 2: 700,000
Likizo ambayo hakuichukua: 200,000
Akiba yake katika SACCO: 500,000
Jumla: 1,400,000

Huenda hajawahi kushika fedha nyingi kama hizo kwa wakati mmoja. Jamaa wanaanza kumtembelea. Sasa aandike matumizi ya nyumba yake kwa mwezi:

Kodi ya nyumba: 80,000
Chakula: 130,000
Makaa, umeme na maji: 40,000
Karo, ikigawanywa kwa miezi: 60,000
Sabuni na dawa: 20,000
Wazee kijijini: 20,000
Jumla: 350,000

Gawanya 1,400,000 kwa 350,000. Jibu ni miezi 4. Maana yake ni kwamba mwisho wa Septemba, muhula wa tatu ukiwa umekwisha kuanza, nyumba hii haina kitu. Yule aliyeonekana tajiri mwezi Mei ana siku 120 tu.

Sasa aketi na mkewe, wapange upya. Wahamie chumba cha 40,000. Kuhama nako kuna gharama, kwa hiyo kwanza wazungumze na mwenye nyumba kama atapunguza. Unga na maharage vitoke shambani, chakula kishuke kuwa 65,000. Makaa, umeme na maji viwe 15,000. Wazee waelezwe ukweli, kwamba kwa sasa hakuna cha kutuma. Karo na dawa zisiguswe. Jumla mpya ni 200,000. Gawanya tena. Jibu ni miezi 7. Fedha ni ile ile, lakini sasa nyumba inafika mwisho wa Desemba.

Tuendelee. Tuseme mama anauza nyanya na dagaa, na baba anapata vibarua, na wote wawili wanaingiza 80,000 kwa mwezi. Pengo linalobaki ni 120,000. Gawanya 1,400,000 kwa 120,000, utapata zaidi ya miezi 11. Sasa wanafika Aprili ya mwaka unaofuata. Kutoka miezi 4 hadi miezi 11, bila shilingi moja kuongezwa katika bahasha ile. Muda huo ndio unaompa mtu nafasi ya kutafuta kazi bila kukubali kila dharau ya mwajiri.

Ni lazima tuseme pia kwamba ukiwa na deni SACCO, akiba yako italipa deni kwanza. Hesabu kile kitakachobaki mkononi, usihesabu kile ulichokuwa umeweka.

SIKU 30 ZA KWANZA

Fedha nyingi za wafanyakazi hupotea katika mwezi wa kwanza, wakati moyo bado unauma. Kwa hiyo tunashauri mambo manne.

La kwanza, usifiche. Wako wanaume wanaovaa na kutoka asubuhi kama waendao kazini, ili mke asijue. Kila siku ya kuficha ni siku ambayo nyumba inatumia kwa kipimo cha zamani. Waeleze nyumbani siku hiyo hiyo, na watoto wakubwa waambiwe.

La pili, usianzishe biashara kubwa kwa haraka. Boda boda zilianzia huku kwetu mashariki, mpakani, kwa baiskeli za kuvusha watu, na hatudharau kazi hiyo. Lakini mtu asiyejua pikipiki akinunua ya mkopo kwa fedha ya notisi, siku akianguka amepoteza mguu, pikipiki na miezi 7 kwa pamoja. Jaribu biashara kwa fedha ya mwezi mmoja. Ikishindikana, umepoteza mwezi mmoja.

La tatu, epuka mkopo wa riba ya mwezi. Ukikopa 500,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba peke yake ni 50,000 kila mwezi. Ukilipa riba tu, baada ya miezi 10 umetoa 500,000 na deni la 500,000 bado limesimama pale pale. Usimwachie mkopeshaji kadi ya benki na namba yake ya siri, wala kitambulisho chako. Anayeshika kadi yako ameshika mshahara wako kabla hujauona.

La nne, nenda kwa unaowadai na wanaokudai kabla hawajakufuata. Mwenye nyumba, mwalimu mkuu na mwenye duka husikiliza zaidi mtu aliyekuja mwenyewe na hesabu yake mkononi. Omba kulipa kidogo kidogo kwa tarehe, na tarehe hiyo uitimize.

HAKI ZAKO NI SEHEMU YA AKIBA YAKO

Wafanyakazi wengi huacha fedha yao kwa kutojua sheria. Tutaje machache ya kushika.

Notisi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 lakini chini ya mwaka apewe notisi ya wiki 2. Kuanzia mwaka 1 hadi 5, mwezi 1. Kuanzia miaka 5 hadi 10, miezi 2. Miaka 10 na zaidi, miezi 3. Asipopewa muda huo, alipwe fedha yake.

Kuachishwa bila haki. Malalamiko yapelekwe kwa afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi 3. Wengi hukaa wakimsubiri meneja awahurumie, na miezi 3 inapita. Njoo tawini wiki ya kwanza.

Ugonjwa. Mfanyakazi mgonjwa hulipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwapo kazini. Mwezi wa pili ukiisha naye bado hajapona, mwajiri anaweza kumaliza mkataba. Kwa hiyo mwenye mgonjwa nyumbani aanze kupunguza matumizi wiki ile ile ya kwanza, asingoje mshahara ukatike.

Ajali kazini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri alipe. Mtu akifa kwa ajali ya kazi na kuacha wategemezi, au akilemaa kabisa asiweze kazi tena, kipimo chake ni mishahara ya miezi 60. Ajali itolewe taarifa mara moja, isizidi mwezi mmoja, na majina ya mashahidi yaandikwe siku hiyo hiyo. Usikubali kupewa nauli na pole ukaambiwa yamekwisha.

Uzazi. Mama ana siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baba ana siku 4.

NSSF. Wewe unakatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza asilimia 10. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, kila mwajiri anapaswa kuchanga hata akiwa na mfanyakazi mmoja. Lakini tusidanganyane. NSSF si mfuko wa kukosa kazi. Fedha ya uzeeni huchukuliwa ukifika miaka 55, au 50 kama umekaa mwaka mzima bila ajira. Aliyefika miaka 45 na kuchanga miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20. Mwenye ulemavu aliyefika miaka 40 na kuchanga miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 50. Kijana wa miaka 30 akiachishwa leo, fedha ile ipo lakini haimsaidii kulipa kodi ya mwezi huu. Hii ndiyo sababu ni lazima awe na akiba nyingine.

Kila robo mwaka, angalia kama mchango wako umefika. Mwajiri akikukata bila kupeleka, ni rahisi kudai mlango wa kiwanda ukiwa wazi kuliko ukisha kufungwa.

KUJIANDAA MSHAHARA UNGALI UNAKUJA

Sasa turudi kwa aliye kazini leo. Yeye naye ahesabu miezi. Aandike matumizi ya shida ya nyumba yake, kama yale 200,000 ya mfano wetu, na lengo lake la kwanza liwe mwezi mmoja. Akiweka 10,000 kila mwezi, itamchukua miezi 20. Ni safari ndefu, lakini haba na haba hujaza kibaba, na mwenye mwezi mmoja wa akiba hamkimbilii mkopeshaji siku mtoto anapolazwa hospitalini.

Akiba igawanywe. Sehemu katika SACCO au benki, mbali na mto, moto na wezi. Sehemu ndogo katika simu, kwa ajili ya usiku wa dharura. Sehemu iwe kitu kinachozaa au kuliwa, kama kuku, mbuzi, mihogo au migomba kijijini. Sehemu iwe mchango wa kikundi cha mazishi, kwa maana kifo kimoja bila kikundi hula akiba ya miaka mitatu.

Mwisho ni karatasi. Weka pamoja barua ya kuajiriwa, karatasi za mshahara, namba ya NSSF, kitambulisho na vyeti vya watoto. Nakala nyingine zikae kwa ndugu anayekaa mahali pa juu. Aliyeona maji ya mwaka 2022 hahitaji kuelezwa sababu. Wazee wa Jumuiya nao wametufundisha kwamba madai yanaweza kudumu kuliko mwajiri, na asiye na karatasi hana mdomo. Hakikisha majina ya wategemezi wako yameandikwa sawasawa NSSF, na mke au mume ajue karatasi ziko wapi.

Ndugu, hatusemi kwamba daftari litaongeza mshahara. Mshahara mdogo dawa yake ni umoja na mapatano ya pamoja na mwajiri, na kazi hiyo hatutaiacha. Lakini mtu mwenye miezi mitatu ya chakula nyumbani hugoma bila kutetemeka, na mtu mwenye deni la riba hukimbia mstari siku ya pili. Hesabu ya nyumbani ni nguvu ya chama.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Mshahara ukikatika leo, nyumba yako ina miezi mingapi? Fanya hesabu kwa siri, kisha mjadili njia za kuongeza mwezi mmoja.

2. Akiba yako yote iko mahali pamoja? Ni pigo gani linaweza kuila yote?

3. Katika tawi hili, ni nani hajaangalia mchango wake wa NSSF mwaka huu? Mpange siku ya kwenda pamoja.

4. Nani kati yetu ameacha kadi yake ya benki kwa mkopeshaji? Tawi linaweza kumsaidia vipi kuikomboa bila kumwaibisha?

Umoja ni nguvu.